Faili la Kumtunza Mama

Karatasi zilikuwa zimetapakaa sebule nzima, juu ya kochi, juu ya televisheni, nyingine zimeegemezwa kwenye miguu ya meza. Katikati yake amepiga magoti mwanamke mtu mzima, fulana kaivaa ndani nje, anazihamisha kutoka fungu hili kwenda fungu lile. Chai yake ilikuwa imepoa pale dirishani. Ukimuuliza angekuapia kwamba ameshainywa.

"Hii ya kupaliwa," alijisemea, "inakaa kwenye Jikoni au kwenye Chakula?"

Aliiweka Jikoni. Akaitoa. Akaiweka kwenye Chakula, akaitoa tena, akabaki nayo mkononi huku moyo ukimwenda mbio, na hakuna aliyekuwa anamkimbiza. Ndivyo alivyokuwa tangu wiki ianze: hakaliki, hasimamiki, akishika hiki anawaza kile.

Kiwandani walimwita Bi Faili, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Lilikuwa jina la heshima kwa namna yake. Kilikuwa kiwanda cha sabuni, na kabla yake maelekezo ya kazi yalipangwa kabatini kwa idara, vile vile wakubwa wanavyokaa mkutanoni: Uzalishaji, Ufundi, Ubora, Usafi. Mtu wa mashine ya kukatia miche akitaka kujua afanye nini mkanda ukikwama, ilimbidi kwanza ajue kukwama kwa mkanda ni mali ya idara gani. Mpaka ajue, sabuni imeshagandia humo ndani, na msimamizi ameshapandwa na hasira. Bi Faili alizunguka na kiti chake mashine baada ya mashine, akimuuliza kila mtu swali moja: ukilifungua kabati hili, unakuwa unataka nini? Kwa majibu yao akazipanga upya karatasi zote. Kuwasha. Kuzima. Kusafisha. Imegoma. Hilo la mwisho lilipendwa kuliko yote, hata wapishi wa kantini walilitumia kwa jiko lao.

Basi mtu akishafaulu jambo moja, dunia yote huiona ni jambo lile lile. Meneja alimwita ofisini akamwambia kiwanda kipya kinafunguliwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na anataka Bi Faili aende akakipange hivyo hivyo tangu mwanzo. Cheo kipya, chumba chake, mwaka mmoja au miwili. Jibu lipatikane kabla ya Ijumaa adhuhuri, maana baada ya hapo nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Nipe muda nimpange Mama," alisema Bi Faili.

Meneja alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliopita, upande wa kulia ukalegea, na tangu siku hiyo Bi Faili ndiye aliyekuwa kila kitu: mkono wa kumvisha, fimbo ya kuegemea, saa ya dawa. Akiondoka, atakayebaki ni mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu alitengeneza friji uani kwao. Fundi alikuwa mtu mwema. Lakini ni mtu ambaye ukimtuma chumvi anaweza kurudi na habari za mwenye duka, chumvi kaisahau palepale. Bi Faili alimpenda sana na hakumwamini hata kwa yai.

Ndipo alipoamua kuandika. Kila jambo la Mama likapata karatasi yake, yenye kichwa cha habari na hatua zake: Kumwogesha. Kumvisha, mkono dhaifu kwanza. Akipaliwa. Akianguka. Dawa za presha. Kupika uji. Kuwasha redio, maana hata redio ilikuwa na namna yake. Akaandika na kuandika mpaka faili likakataa kufunga. Kuandika hakukumsumbua. Kilichomtesa ni kupanga. Kwanza alizipanga kwa vyumba: Chumbani, Bafuni, Jikoni, Sebuleni. Akalala, akaamka hakupenda. Akazipanga kwa nyakati za siku. Hakupenda. Akarudi kwenye vyumba akachanganya na mengine, akatia kadi za rangi: nyekundu ya hiki, njano ya kile. Kila alipomaliza alijisikia ametua mzigo, na kabla hajanyoosha mgongo, wasiwasi ukamrudia palepale alipouacha. Kama Fundi hataiona karatasi kwa wakati, Mama atakufa. Hilo ndilo alilokuwa akiliona kila akifumba macho, na alikuwa hajamwambia mtu.

"Njoo tufanye majaribio," alimwita Fundi jioni ya Jumatano.

Fundi aliingia akifuta mikono kwa kitambaa, ananuka mafuta ya mashine. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni. Huyu mama alikuwa mpokeasimu wa ofisi kubwa umri wake wote wa kazi, akiwaunganisha wakubwa na wakubwa wenzao, na kuwakata wale waliozidisha maneno. Alipougua, ulimi ulirudi kabla ya mguu. Wanaomjua hawakushangaa.

"Mama yuko mezani anakula, amepaliwa," alisema Bi Faili. "Haya, nenda!"

Fundi alilivamia faili. Akafungua kadi ya Jikoni, akapekua. "Haipo."

"Si Jikoni. Ni Chakula."

"Jana ilikuwa Jikoni, Dada."

"Jana nilikosea."

"Sasa mimi nitajuaje umekosea lini?"

"Endelea! Mtu amepaliwa hapa!"

Akapekua Chakula, akapita karatasi ya uji, akapita ya matunda, akarudi nyuma kwa sababu karatasi mbili zilikuwa zimeshikana.

"Mimi nimeshakufa," alisema Mama kutoka kwenye kiti chake. "Leteni sanda, msihangaike."

"Mama, usitanie mambo hayo!"

"Nimekufa tangu mchana, mwanangu. Umeniua kwenye ngazi, umeniua kitandani, sasa uji. Hakuna aliyekufa sana kama mimi mtaa huu."

Fundi alicheka, na kicheko kile kilimchoma dada yake. Alimnyang'anya faili. "Cheka. Cheka tu. Mimi nikiwa huko, wewe ukiwa hapa unacheka, itakuwaje?"

"Si ningempiga tu mgongoni? Halafu nikuite?"

"Nitakuwa safari ya kutwa nzima, utaniitaje? Ndiyo maana kuna hatua. Na zina mpangilio."

"Nitajitahidi, Dada," alisema Fundi, kwa sauti ya chini sasa. Alipouona uso wa dada yake alikuwa ameacha kucheka.

Usiku huo Bi Faili hakupata usingizi wa kueleweka. Na Alhamisi asubuhi, ameshavaa viatu, mkoba begani, funguo mkononi, wazo likamjia. Zile zote zinazoanza na Aki! Akipaliwa, Akianguka, Akizimia, Akichanganyikiwa. Zina undugu. Hakuna anayepanga kuanguka, na anayezitafuta anakuwa ameshashikwa na hofu. Ziwe pamoja, mbele kabisa ya faili, chini ya kadi moja. Akaiandika kwa kalamu nene: Ghafla. Akazing'oa karatasi kule zilikokuwa, Akianguka akiitoa Bafuni, Akipaliwa akiitoa Chakula. Kadi ya njano ilikuwa ya Dawa, akaihamisha iwe ya Ghafla, Dawa zikapata kijani. Lilikuwa wazo zuri, na sisemi hivyo kwa kumtania. Lilikuwa ndilo wazo bora la wiki nzima, na kwa mara ya kwanza alitoka nyumbani mabega yameshuka.

Kilichoharibika ni kwamba Fundi alikuwa nje ya geti anabishana na mteja juu ya friji isiyogandisha, na basi la kiwanda lilikuwa linapiga honi. Nitampigia, alijiambia.

Alipofika kiwandani alikuta mashine ya kufungashia imegoma, akaitwa huku, akaitwa kule. Katikati ya hayo meneja alipita akamuuliza, "Kesho adhuhuri, sivyo?" naye akaitikia kwa kichwa. Mara mbili alitoa simu mfukoni ampigie Fundi. Ya kwanza mtu akamkatisha. Ya pili aliitazama simu akajiona mjinga: faili liko mezani, kadi zimeandikwa kwa herufi za kuonekana toka mlangoni, kuna nini cha kueleza? Akairudisha mfukoni.

Fundi ndiye aliyepiga.

"Dada," alisema, na pumzi zilikuwa juu. "Karatasi ya kuanguka umeihamishia wapi?"

Bi Faili alikuwa amesimama kati ya maboksi ya sabuni. Alisikia swali, akalielewa.

"Mama ameanguka?"

"Bafuni. Nimetazama Bafuni, haipo. Kwa nini haipo, Dada?"

"Ghafla!" alipiga kelele. Wafungashaji wote wakageuka. "Iko Ghafla! Mbele kabisa! Njano!"

"Njano ni Dawa."

"Dawa ni kijani! Njano ni Ghafla! Fundi, Mama anaongea? Ametoka damu?"

"Subiri, naitafuta."

"Usitafute! Mwangalie Mama!"

"Si ulisema nisifanye kitu kabla ya kusoma?"

Alisema hivyo kweli. Alikuwa ameiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kwanza ya faili, akaipigia mstari. Bi Faili alifungua mdomo ampe hatua kwa kichwa, maana aliziandika mwenyewe, na hatua hazikuja. Kichwa chake kilikuwa cheupe. Aliona kadi tu, rangi rangi, na hakuna hata moja yenye neno. Akasikia simu ikiwekwa juu ya kitu, kishindo chake, halafu sauti za mbali zenye mwangwi wa bafuni.

"Wewe!" Ilikuwa sauti ya Mama. "Weka hilo dude chini."

"Mama, nasoma hatua."

"Utanisomea msibani. Weka chini. Sijavunjika, nimekaa vibaya tu. Lete kile kiti cha jikoni. Si hicho chenye mguu mbovu! Kile kingine."

Miguu ikakimbia. Kiti kikaburutwa. Bi Faili aliibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Kiweke hapa mbele yangu. Kishike kisiteleze. Usinivute mkono huo, ndio uliolegea, unataka kuung'oa? Shika kiti tu. Sasa nyamaza."

Pumzi nzito za Mama. Kitu kikagonga vigae, pengine goti. Mama akaguna, akatoa neno moja ambalo watoto wake hawakuwahi kulisikia kinywani mwake, akaguna tena, kwa muda mrefu, mguno wa mtu anayeinua gunia. Halafu kiti kikalia kwa kukaliwa.

"Haya," alisema Mama, akihema. "Nani yupo kwenye simu?"

Bi Faili alikuwa ameketi juu ya boksi analia, na binti wa kufungasha amemshika bega.

Alirudi nyumbani kwa pikipiki ya kwanza aliyoiona, akimhimiza dereva njia nzima mpaka yule kijana akamwambia, mama, ukitaka kuendesha wewe nikupishe. Aliingia bila kuvua viatu. Mama alikuwa kitandani kwake, amekaa wima, kikombe mkono wa kushoto, nywele zimekaa upande. Kwenye kiwiko kulikuwa na mchubuko mwekundu. Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, uso kama wa mtu aliyetoka kuugua. Faili lilikuwa mapajani mwake, limefunguka, na pete za chuma za kushikia karatasi zimepinda.

Bi Faili alimpapasa Mama kichwa, shingo, mabega, akamwangalia mboni za macho, akamwambia ainue mikono, atabasamu, aseme jina lake.

"Nimeanguka, sijazaliwa upya," alisema Mama. "Niache ninywe chai."

Hapo ndipo hofu ilipogeuka hasira, nayo ikapata mtu wa karibu. "Wewe!" alimgeukia Fundi. "Mama yuko chini, wewe umesimama unapekua makaratasi! Mtoto wa shule angejua kuyatupa!"

Fundi alinyanyua kichwa. Machoni alikuwa na machozi, na hakuyaficha.

"Nilijua la kufanya, Dada. Mwezi wote ulipokuwa zamu za usiku nani alimnyanyua Mama? Nilijua. Lakini niliposhika mkono wa Mama nikasikia sauti yako: siyo hivyo, kuna hatua. Nikamwacha pale chini nikaenda kutafuta. Sikuogopa Mama kuumia. Nilikuogopa wewe kuniambia nimekosea." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Niliona aibu sana. Yuko chini ananitazama, mimi namfunulia kurasa."

Bi Faili alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Basi," alisema. "Siendi. Kesho namwambia meneja siendi. Yamekwisha."

Alidhani atajisikia nafuu. Alijisikia kama mtu aliyejifungia mlango kwa ndani akameza ufunguo. Maana alikitaka kile kiwanda. Aliwaza kabati zake tupu, watu wapya wa kuwauliza maswali, chumba chenye kitanda kimoja na dirisha, asubuhi ambayo hakuna wa kumvisha soksi ila yeye mwenyewe. Alikitaka kwa nguvu iliyomtia haya.

Mama aliweka kikombe chini. "Lete hilo faili."

"La nini sasa? Nitalitupa."

"Lete. Limenihusu wiki nzima na hakuna aliyenionyesha."

Fundi akalileta. Mama akalifungua juu ya shuka, akang'oa kadi zote za rangi kwa mkono wake wa kushoto, akazidondosha chini ya kitanda. Bi Faili alishtuka kama aliyevuliwa nguo. Halafu Mama akaanza kutoa karatasi moja moja, anaisoma kwa kuisogeza mbali na macho, anaitupia mahali. Nyingine kushoto kwake. Nyingine mapajani. Nyingine kulia, upande ule uliolegea, akizisukuma kwa vidole vya mkono mzima.

"Kuwasha redio," alisoma. "Hatua tano. Kumbe nimekuwa nafanya kazi kubwa." Ikaenda kushoto. "Kwenda bafuni. Nakwenda mwenyewe. Leo niliteleza kwa sababu huyu kaweka ndoo njiani, si kwa sababu ya mguu." Kushoto. "Kuoga. Hapana, hapo nahitaji mtu, mgongo siufikii." Mapajani. "Dawa za presha. Mwenyewe."

"Hapana, Mama," alisema Fundi. Alisema taratibu, lakini alinyoosha mkono akaitoa kushoto. "Juzi ulitaka kunywa mara ya pili. Nilikukuta na kidonge kinywani."

Mama alimkazia jicho lile la kukata simu za wakubwa. Fundi hakushusha lake. Wakatazamana hivyo, mpaka Mama akasonya.

"Mapajani, basi," alisema. "Lakini nahesabu mimi, wewe unatazama tu."

Bi Faili aliwaangalia wote wawili. Alikuwa hajawahi kumwona mdogo wake akishinda ubishi na Mama, na hakujua lini alianza.

Mafungu yakaendelea kupanda. La kushoto lilikuwa nene kuliko alivyotarajia. La mapajani lilikuwa la wastani, na Akianguka na Akipaliwa zilikuwa humo. Fundi akachukua kalamu, akamuuliza Mama aandike nini juu yake. Kushoto Mama akasema, andika Naweza. Mapajani akasema, andika Nishike. Fundi akaandika kwa herufi zake za kupinda, akalifunga kila fungu kwa kibanio.

"Jaribu," Mama alimwambia. "Nataka kuvaa gauni."

"Nishike," alisema Fundi, kabla hajagusa karatasi.

"Nataka maji ya kunywa."

"Naweza. Unayafuata mwenyewe."

"Umeona?" Mama akamwambia bintiye. "Hapotei. Anajua anitazame mimi kwanza, ndipo atazame karatasi."

Bi Faili aliona. Ndani yake yule mtu wa kabati alikubali kwamba ni mpangilio safi, na bado moyo ulikataa. Macho yake yalikuwa kwenye fungu la kulia, ambalo halikupewa jina.

"Na hizi?"

Mama akalisukuma kwake. "Soma."

Akasoma. Kuchungulia usiku kama anapumua. Kumpigia simu kila baada ya saa. Kuonja chai kabla ya kumpa. Kufunga mlango wa nje kwa ufunguo akiwa peke yake. Kumuuliza kama anajisikia vibaya, hata akikataa. Kutomwambia habari za misiba. Zilikuwa karatasi nyingi, zote mwandiko wake, hatua kwa hatua, na akizisoma mfululizo hivi hakumwona Mama popote ndani yake.

"Hizi si za kunitunza mimi," alisema Mama. "Hizi ni za kukutuliza wewe. Huyu mtoto sitaki azirithi. Chukua, nenda nazo."

"Nani atachungulia usiku?"

"Asubuhi mtajua tu kama nilipumua."

"Mama!" Sauti ilimpasuka. Hapo yakamtoka yote aliyoyabana wiki nzima. "Na ukifa nikiwa huko? Nikipigiwa simu niko kwenye mashine za watu, wewe umelala hapa umekufa? Nitaishije? Hebu niambie, nitaishije?"

Fundi aliinamisha kichwa. Mama alipoongea, utani ulikuwa umemtoka.

"Naweza kufa nawe ukiwa hapo sebuleni, mwanangu, umenipa mgongo, unahamisha karatasi. Wiki nzima hujakaa na mimi. Umekaa na hilo." Akalionyesha faili kwa kidevu. "Nimekuita juzi unitazame nikitembea hadi dirishani. Ukasema subiri, nahamisha Bafuni."

Bi Faili alikumbuka. Alikumbuka hata kadi aliyokuwa ameishika. Hakukumbuka kugeuka. Alilia, safari hii kwa sauti, kichwa kwenye goti la Mama, na Mama akamwacha alie, mkono mzima juu ya kisogo chake.

Chai ilikuwa imefanya kazi yake. Baada ya muda Mama akamsukuma kichwa pembeni, akashusha miguu sakafuni, akatafuta fimbo yake.

"Unakwenda wapi?"

"Bafuni."

Bi Faili alishasimama, mkono tayari kwapani kwa Mama. Fundi pia alikuwa amesimama. Mama akaangalia mkono ule, halafu fungu la kushoto, halafu uso wa bintiye. Bi Faili akautoa mkono. Akakaa.

Mama akaondoka. Fimbo, mguu, halafu mguu ule mwingine ukiburutwa. Korido ilikuwa fupi, na siku hiyo haikuisha. Fundi alitangulia akaitoa ndoo, akarudi, akasimama mlangoni mwa chumba bila kumfuata. Mlango wa bafuni ukajifunga.

Bi Faili alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Kila kiungo chake kilimwambia inuka. Mdomo ulishajaa lile swali, Mama, uko salama? akalimeza, likapanda tena, akalimeza. Alimtazama Fundi, akamwona naye anasikiliza, mwili wote umeelekea korido, tayari. Yupo, aliwaza. Huyu mtu yupo.

Akatoa simu. Akakosea jina la meneja, akafuta, akaandika tena.

Maji yakasikika yakimwagika bafuni. Mlango ulikuwa haujafunguka bado alipobonyeza kutuma: Naenda.